Jedwali na Grafu: Lori Lipi Nafuu, la Kitale au la Bungoma?

Mavuno ya mahindi yakianza Trans Nzoia, kuanzia Oktoba, sihangaiki kutafuta mifano ya hisabati. Wanafunzi wangu hapa Kitale wamezoea kuona magunia ya kilo 90 yakipakiwa, kwa hiyo milinganyo ya mstari naifundisha kwa bei ya lori.

Tuseme mwenye lori wa Kitale amekuandikia jedwali la bei za kupeleka mahindi Bungoma:

Magunia 10: sh 3,000
Magunia 20: sh 4,200
Magunia 35: sh 6,000
Magunia 50: sh 7,800

Mwenye lori wa Bungoma, anayerudi kwao bila mzigo, amekuchorea grafu. Magunia yako kwenye mhimili mlalo, shilingi kwenye mhimili wima.

Kwanza, tafuta bei ya kila gunia, yaani mteremko. Kwenye jedwali, usitazame pesa peke yake, kwani magunia hayaongezeki kwa kiasi kimoja. Kutoka 10 hadi 20, bei imepanda sh 1,200. Gawanya kwa 10, ni 120. Kutoka 20 hadi 35, imepanda sh 1,800. Gawanya kwa 15, ni 120 tena. Kutoka 35 hadi 50 ni vilevile, basi huo ni mlinganyo wa mstari. Kwenye grafu, chagua nukta mbili ambapo mstari unapita sawasawa kwenye pembe za miraba. Hapa ni magunia 10 kwa sh 3,800 na magunia 50 kwa sh 7,000. Gawanya 3,200 kwa 40, upate 80.

Pili, tafuta malipo ya kuanzia, kabla hata gunia moja halijapakiwa. Jedwali halionyeshi sifuri, kwa hiyo rudi nyuma: 3,000 kutoa 10 × 120 ni 1,800. Kwenye grafu, mstari unakata mhimili wima penye 3,000. Hakikisha tu kwamba mhimili huo umesimama penye magunia 0.

Tatu, andika yote mawili kwa umbo moja:

Kitale: y = 120x + 1,800
Bungoma: y = 80x + 3,000

Ukiyasawazisha, 40x = 1,200, hivyo x = 30. Kwa magunia 30, kila lori litakutoza sh 5,400. Yakipungua, chukua la Kitale. Yakizidi, la Bungoma.

Jicho halitoshi kwa kazi hii. Ukibadilisha kipimo cha mhimili, mstari uleule unaweza kuonekana mkali au umelala, ilhali bei haijabadilika. Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kutoa namba hizi mbili kila upande kabla ya kutamka lipi nafuu. Mtoto akilielewa hili, atafaulu mtihani na pia ataweza kumsaidia mzazi wake kukodi lori.