SOMO LETU: FILAMU ZA SAFARI ZA ANGANI ZINAMWACHA NANI?



Tumejifunza kusoma. Leo tujifunze kutazama filamu. Tunasema juu ya filamu za kumbukumbu, yaani zile zinazoeleza mambo yaliyotokea kweli, siyo maigizo. Watoto wetu wanaziona kwenye simu na katika vibanda vya video, toka Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay. Nyingine zinaeleza historia ya safari za angani.

Tuanze na jambo tunalolijua. Umatengoni tunalima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika mistari inayokatana. Wanawake huchimba mashimo na kuyafukia yale majani kwa udongo. Sasa, mpiga picha akija siku ya kufyeka tu, halafu akaenda zake, filamu yake itasema nini? Watu wa mbali watadhani ngoro ni kazi ya wanaume peke yao. Yule mpiga picha hakusema uongo, lakini ameacha nusu ya kazi.

Filamu nyingi za safari za angani ziko hivyo hivyo. Tunaona roketi, halafu tunaona wanaume Wazungu wa Marekani na Urusi. Je, walikuwa peke yao? Hapana. Tazama mifano hii.

1. Zanzibar. Tarehe 20 Februari, 1962, Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Chombo chake kilikwenda kasi mno, kwa hiyo kituo kimoja cha redio kisingetosha kumsikia. Vituo vilipokezana: Kano huko Nigeria, kisha Tunguu, Zanzibar, kisha meli katika Bahari ya Hindi, mpaka Australia. Kituo cha Tunguu kilikuwa mali ya Wamarekani, nacho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Hayo nayo ni historia, yaelezwe.

2. Mama wa hesabu. Kabla ya kuruka, Glenn alitaka hesabu za mashine zihakikishwe kwanza na Katherine Johnson, mwanamke Mweusi wa Marekani. Alizipiga kwa mkono, zikawa sawa. Watu wengi walikuja kumjua mwaka 2016, kwa kitabu na filamu ya maigizo. Safari ilikuwa imepita miaka 54!

3. Kenya. Tarehe 12 Desemba, 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la chuma lililo baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, basi setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend.

Hatusemi kwamba waliopanda roketi hawana sifa. Wanayo. Lakini msichana wa Liuli ambaye hajamwona mwanamke hata mmoja katika habari hizi atasema, "Hisabati si yetu." Ataacha kujitahidi, nasi tutampoteza mhandisi au daktari. Hiyo ndiyo hasara yetu.

Kwa hiyo, mkitazama filamu yoyote, ulizeni: Nani anaonekana? Nani anasema? Nani alifanya kazi lakini hayupo? Na akija mtu kupiga picha za kijiji, msimsukumie mwenyekiti peke yake. Mwonyesheni na akina mama, wavuvi na vijana.

MANENO MAPYA
Setilaiti: chombo kinachorushwa ili kiizunguke dunia.
Eksirei: miale inayotumika hospitali kupigia picha ya mifupa.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kwa nini vituo vya redio vilipokezana?
2. Setilaiti ya mwaka 1970 iliitwa Uhuru kwa sababu gani?
3. Kama filamu ya uvuvi wa dagaa ingepigwa ziwani tu, nani wa pwani yetu angesahauliwa? Andikeni majina ya kazi zao.