Gia Ngumu Asubuhi ya Baridi

Kati ya mwezi wa Juni na Agosti baridi hutuelemea sisi tukaao nchi za juu. Huku Enguserosambu, katika tarafa ya Loliondo, gari lililolala nje huamka limelowa umande na ukungu. Dereva huwasha injini, akakanyaga klachi, akashika mkono wa gia. Lakini gia haiingii. Basi huusukuma kwa nguvu, na sauti ya meno ya chuma kusagana husikika hata bomani. Twaandika haya wenye magari wapate kujua ya kuwa nguvu si dawa ya ugonjwa huu.

Kila mtu ameona samli katika kibuyu: mchana ni majimaji, alfajiri imeganda. Mafuta ya giaboksi hayagandi kama samli, walakini huwa mazito. Gari litokalo Ziwa Natron, mahali pa joto penye kimo cha mita 600 hivi, laweza kubadili gia vyema huko, likapanda kwetu na kuwa gumu alfajiri ya pili, ingawa mafuta ni yale yale.

Ndani ya giaboksi mna pete za shaba ya manjano. Kazi yake ni kusawazisha mwendo wa magurudumu ya meno kabla hayajashikana. Mafuta yakiwa mazito, pete hukawia kushika. Dereva akilazimisha, pete hulika, na baadaye gia husaga hata wakati wa joto.

Kabla ya kutumia fedha, yafaa kupima hivi. Funga breki ya mkono, injini ikiwa imezimwa, uingize gia zote moja moja. Rudisha mkono katikati, pasipo gia, uwashe injini na kujaribu tena.

Kwanza: gia zikiingia vyema injini ikiwa imezimwa, zikawa ngumu ikiwashwa, shaka kubwa ni klachi kutoachia sawasawa. Tazama kikopo cha mafuta ya klachi. Yakipungua, tafuta yanakovuja. Kama upepo umeingia, fundi autoe. Klachi ikiwa ya waya, huenda waya umelegea.

Pili: zikiwa ngumu nyakati zote mbili, kisha zikalainika baada ya mwendo wa maili chache, kosa yamkini ni mafuta. Zisipolainika, fundi atazame vyuma viunganishavyo mkono na giaboksi.

Katika kuchagua mafuta, kitabu cha gari ndicho hakimu. Namba iliyo mbele ya herufi W ikiwa ndogo, mafuta hutiririka vizuri zaidi katika baridi: 75W-90 ni mepesi alfajiri kuliko 85W-140. Wengine hutia katika giaboksi mafuta mazito ya difu yaliyobaki. Kadhalika, giaboksi nyingi za zamani hutaka daraja la GL-4. Baadhi ya mafuta ya GL-5 yana dawa kali ziwezazo kudhuru shaba ya zile pete. Wakati wa kubadili, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ile ya kumwagia. Maana ya juu ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, gari halina mafuta wala safari.

Kila asubuhi washa injini pasipo gia, uondoe mguu katika klachi, ungoje dakika chache. Ndipo magurudumu ya ndani huzunguka na kuyavuruga mafuta. Usifanye hivyo ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa injini huua. Kisha enda polepole. Gia ya pili ikikataa, kanyaga klachi, rudisha mkono katikati, achia klachi, kanyaga tena, ndipo uingize.

Gari la kijijini ndilo lichukualo mama mwenye uchungu usiku kwenda hospitali ya Wasso. Giaboksi ikivunjika, mara nyingi vipuri hungojewa kutoka Arusha, na mgonjwa hawezi kungoja. Kwa hiyo mwenye gari na alitengeneze leo, kungali mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.