Jinsi ya Kutambua Kambare Dume na Jike

Mfugaji wa Oltepesi anayetaka kuzalisha vifaranga vya kambare ni lazima ajue kutofautisha dume na jike. Mbegu za dume hazitoki kwa kukamua tumbo. Dume hupasuliwa ili korodani zitolewe. Akikosea, atapasua jike na kupoteza maelfu ya mayai.

Fuata hatua hizi:

1. Mshike samaki kwa kitambaa kilicholowa maji. Jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani.
2. Mlaze chali, kisha tazama nyuma ya tundu la haja.
3. Dume ana kinundu kirefu chenye ncha. Jike ana kinundu cha mviringo chenye mpasuko.
4. Jike aliyekomaa ana tumbo laini. Likibonyezwa taratibu, mayai hutoka.

Usiamue kwa ukubwa wa tumbo pekee, kwani samaki aliyeshiba pia hujaa tumbo.