Sifa za Elementi: Kufafanua na Kukabidhi

Makala haya yanabainisha vitendo viwili ambavyo mwanafunzi wa uhandisi huvichanganya anapotumia programu za uchanganuzi wa elementi zenye kikomo, mbinu iliyopewa jina hilo na Ray Clough mwaka wa 1960. Katika mbinu hii, umbo hugawanywa kuwa vipande vidogo, yaani elementi. Hata hivyo, kipande kilichochorwa ni jiometri tupu. Tarakilishi haijui kama ni feleji au ubao.

Kufafanua ni kuunda sifa na kuipa jina. Mathalani, PL10: feleji yenye moduli ya Young ya niutoni 210,000 kwa milimita mraba, uwiano wa Poisson wa 0.3 na unene wa milimita 10. Kukabidhi ni kuzitwika elementi husika sifa hiyo. Sifa isiyokabidhiwa haina athari yoyote.

Elementi isiyo na sifa kwa kawaida huisimamisha programu, na hilo ni heri. Hatari ni elementi yenye sifa isiyo yake. Ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene kwa kipeo cha tatu. Hivyo, bamba la milimita 10 likikabidhiwa unene wa milimita 5, litaonekana kupinda mara 8 ya inavyostahili, na programu itatoa picha za kupendeza bila onyo. Vipimo navyo vina mtego: anayetumia milimita na niutoni huandika densiti ya feleji kuwa tani 7.85 × 10⁻⁹ kwa milimita ya ujazo, wala si 7850. Mchanganuzi makini huzipaka elementi rangi kulingana na sifa zake, kisha hulinganisha tungamo la modeli na lile alilolikokotoa kwa mkono, kabla ya kuamini tokeo lolote.