Pointi Zina Umri: Kuufuata Msimu wa Tenisi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu tunapoisoma orodha ya ubora wa wachezaji wa tenisi, tunadhani mambo ni hayo hayo: mchezaji ashinde leo, ashinde kesho, na pointi zake zizidi kujaa. La hasha! Katika tenisi kibaba chenyewe kimetoboka, tena kinavuja kwa ratiba. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi kinavyovuja.

Mwaka huu nimefuata msimu mzima wa mchezo mmoja wa intaneti ambao humfanya mtu awe meneja wa mchezaji wa tenisi. Hushiki raketi wala hupigi mpira. Kazi yako ni kuchagua mashindano, kupanga mazoezi, na kuamua ni wiki gani kijana wako apumzike. Usipompumzisha, nguvu humwishia na hatimaye huumia. Mapambano yenyewe huchezwa na kompyuta. Wewe unangoja matokeo tu, kama mzazi anayengoja ripoti ya shule.

Wiki moja katikati ya msimu, kijana wangu alifika nusu fainali ya mashindano mazuri akapata pointi 100. Nilipofungua orodha, kumbe ameshuka kutoka nafasi ya 79 hadi ya 112! Wenzangu wakanicheka, ati kijana amezembea, ati nimfukuze kocha. Lakini hesabu ilikuwa wazi. Kabla ya wiki hiyo alikuwa na pointi 640. Kati ya hizo, 250 alizipata wiki kama hiyo mwaka uliotangulia, aliponyakua kombe la mashindano hayo hayo. Umri wake ukaisha, zikafutwa. Basi 640 ukitoa 250 ni 390. Ongeza 100, unapata 490. Kijana hakuzembea hata kidogo. Alicheza vizuri, ila si vizuri kama mwaka uliopita.

Kanuni hii haikubuniwa na watunzi wa mchezo huu. Ndiyo inayotumika katika tenisi ya kweli, ambapo kwa kawaida pointi huishi wiki 52. Kwa sababu hiyo wachezaji husema kwamba wanakwenda "kutetea pointi". Bingwa akishinda tena kombe lile lile, hapandi; anabaki na kile alichokuwa nacho.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa Wimbledon mwaka 2022. Mwaka huo waandalizi waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine. Vyama vya ATP na WTA, vinavyosimamia tenisi ya wanaume na ya wanawake, vikakataa kutoa pointi zozote katika mashindano hayo. Novak Djokovic, aliyekuwa bingwa wa mwaka 2021, alikuwa na pointi 2,000 za kutetea. Akamshinda Nick Kyrgios katika fainali, akalibeba kombe. Je, orodha ilimlipa nini? Aliteremka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7! Pointi za zamani zilikufa na mpya hazikuzaliwa. Jamani, bingwa akashuka akiwa na kombe mkononi.

Somo hili latugusa hata sisi Wakenya. Mwaka huo huo wa 2022, Angella Okutoyi alishinda Wimbledon upande wa wasichana wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu ya tenisi. Hata hivyo, orodha ya vijana na ya watu wazima ni vitabu viwili tofauti. Pointi za ujana hazihamishwi. Anayevuka huanza chini, katika mashindano madogo yenye pointi chache. Kwa hiyo ukimwona kijana wetu yu mbali katika orodha ya wakubwa, usikimbilie kusema, "Huyu amepotea." Uliza kwanza amecheza mashindano mangapi ya wakubwa, na anatetea nini.

Basi meneja afanyeje? Mimi nilichora kalenda ya wiki 52 katika daftari. Wiki zenye pointi za kutetea nikazitia rangi nyekundu, na kabla ya kila moja nikampa kijana mapumziko. Wiki ambazo mwaka uliotangulia hakuvuna kitu nikaziacha nyeupe. Hizo ndizo wiki za kupanda, kwani hapakuwa na pointi zinazofutwa. Hata 20 ilikuwa faida tupu. Alimaliza msimu katika nafasi ya 84. Si haba.

Ukiifahamu kanuni hii, hutamhukumu mchezaji kwa nafasi yake pekee. Kuteremka kwaweza kuwa uzembe, jeraha au hesabu ya kalenda tu, na mwenye kujua huchunguza kabla ya kulaumu.

Zoezi: Mchezaji ana pointi 3,000. Kati ya hizo, 1,000 zinafikisha wiki 52 Jumatatu ijayo. Wiki hii ameshinda kombe la pointi 500. Je, atapanda au atashuka, na atabaki na ngapi? Anayejibu "3,500" na arudi aya ya tatu!