SOMO LA KIKUNDI: Boti Kuukuu ya Mashine, Bei Yake ya Haki ni Ngapi?

Vikundi vingi vya wavuvi wa pwani, toka Vanga mpaka Kiunga, vinatamani kuwa na boti ya mashine. Boti mpya bei yake haishikiki, basi macho yanageukia boti kuukuu. Hakuna ubaya, kwani boti ya faiba iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Ubaya ni kulipa pesa za kikundi, zilizochangwa kidogo kidogo kila juma, halafu baada ya miezi miwili boti inalala ufuoni ikingoja vipuri. Wazee husema, rahisi ni ghali. Tujifunze kupima bei kabla ya kutoa hata shilingi moja.

1. CHOMBO NA MASHINE NI VITU VIWILI
Muuzaji hutaja bei moja. Sisi tunashauri kila kitu kipewe bei yake. Mashine nzuri inaweza kufungwa kwenye chombo kilichooza, na rangi mpya huficha mengi.

2. KAGUENI CHOMBO
Kitazameni kikiwa nchi kavu, mchana. Gongeni faiba polepole kwa sarafu, toka omo hadi tezi. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza au palipoachana ndani hulia bubu, kama kugonga gunia.
Angalieni sana ubao wa nyuma unaobeba mashine. Inueni mashine, kisha mtu mmoja aikandamize juu na chini. Ubao ukicheza, au ukionyesha nyufa na maji ya kutu kwenye bolti, umeoza ndani. Hiyo ni kazi kubwa kwa fundi, na mashine inaweza kung'oka baharini watu wakiwa ndani.
Kama chombo ni cha mbao, chomeni kwa ncha ya kisu kwenye mkuku na mataruma. Kisu kikizama kama kwenye papai, ondokeni.

3. KAGUENI MASHINE
Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Gusa mashine kwanza: iwe baridi. Ikiwa moto, imewashwa kabla hamjafika, nanyi hamtajua kama huwaka kwa taabu asubuhi.
Fundi apime kompresheni. Silinda zote zisomeke karibu sawa. Moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna uchakavu ndani. Afungue oili ya gia kule chini karibu na propela. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mashine ikiwaka, ule mkondo mdogo wa maji utoke kwa nguvu. Usipotoka, zimeni mara moja, kwa sababu mashine haipozwi.
Ikiwa ni ile ya kuchanganya oili na petroli, mwulizeni alichanganyaje. Nyingi za aina hiyo hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini fuateni kitabu cha mashine yenyewe. Asiyejua jibu huenda ameiunguza.

4. IJARIBUNI MAJINI
Msilipe kabla ya kuijaribu. Ingieni watu wengi kama siku ya kazi, mkivaa jaketi za uokozi, mwende nusu saa au zaidi. Tazameni maji yanayoingia ndani. Pimeni petroli kabla na baada. Mashine ya nguvu za farasi 40 ikikimbizwa kwa nguvu zote hunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Ya farasi 15 hunywa kama lita 6. Mashine kubwa ya bei ya kutupa yaweza kumaliza faida yote kwa petroli.

5. MAKARATASI
Namba iliyopigwa kwenye mashine ilingane na risiti. Mashine za boti huibwa, na ya wizi ikitambuliwa mtapoteza mashine na pesa. Ulizeni BMU ya ufuo anakotoka muuzaji kama boti imeandikishwa na ni ya nani. Mapatano yaandikwe, mashahidi watie sahihi.

6. SASA HESABU
Tafuteni bei ambayo boti mbili tatu za aina hiyo, zikiwa nzima, zimeuzwa kweli karibu nanyi. Si bei zilizotajwa, bali zilizolipwa. Kisha toeni gharama za kuifanya hii iwe nzima. Tazameni mfano (bei si za soko, ulizeni za kwenu):

Boti nzima ya aina hii: Sh. 280,000
Kutengeneza ubao wa nyuma: Sh. 35,000
Sili, oili, plugi na pampu ya maji: Sh. 18,000
Propela: Sh. 10,000
Jaketi za uokozi: Sh. 12,000
Jumla ya matengenezo: Sh. 75,000
Bei ya haki: Sh. 205,000

Kama muuzaji anataka 320,000, msigombane naye. Mwonyesheni karatasi, kitu kwa kitu. Anzeni chini kidogo, tuseme 185,000, kwa sababu boti kuukuu haikosi ugonjwa uliojificha. Hapo 205,000 ndipo mwisho wenu. Kikundi kikubaliane juu ya mwisho huo kabla ya kwenda, na atakayezungumza awe mmoja. Akisema "kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa taslimu," mwacheni huyo mtu aje.
Pia msitumie akiba yote kununua. Bakisheni ya petroli na vipuri vya miezi ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI
1. Je, tutapata safari ngapi kwa mwezi, kusi na kaskazi? Zitalipa petroli na kurudisha pesa zetu kwa muda gani?
2. Ni nani kati yetu atakayetunza mashine, na kuisafisha kwa maji matamu kila irudipo baharini?
3. Ni fundi gani tunayemwamini, na atalipwa ngapi kwa ukaguzi hata tusiponunua?
4. Tukikosa bei ya haki, tutangoja hadi lini?