Somo juu ya Mbio Ndefu: Kazi ya Miezi ya Baridi

Katika somo hili tutasema juu ya jambo lifanyikalo mbali na kwetu, huko Uingereza, nalo yafaa lielezwe polepole kwa kuwa halifanani na desturi zetu. Kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Aprili, makumi ya maelfu ya watu hukimbia katika njia za mji wa London mbio ziitwazo marathoni. Urefu wake ni kilometa 42 na meta 195. Tarehe 27 Aprili 2025 waliofika mwisho walikuwa zaidi ya 56,000. Mwanamume aliyewatangulia wote, Sabastian Sawe wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 2 na sekunde 27. Majina ya mabingwa wa namna hii, kama lile la Eliud Kipchoge aliyeshinda huko mara nne, watoto wengi wa shule huyajua kwa moyo. Lakini somo letu si la mabingwa. Ni la karani, la mwuguzi, la dereva wa basi, la mama wa watoto watatu, ambaye atafika baada ya saa nne na nusu au tano, wala hapewi hata senti moja kwa miguu yake. Kinyume chake, yeye ndiye awatafutiaye wengine fedha.

Swali la kwanza: Fedha hizo zatoka wapi?

Mbio za London zilianzishwa na Chris Brasher na John Disley, wanariadha wa zamani, na zilikimbiwa mara ya kwanza tarehe 29 Machi 1981. Mvua ilinyesha siku ile, na wawili waliotangulia, Dick Beardsley wa Marekani na Inge Simonsen wa Norwe, walivuka mstari wa mwisho wakiwa wameshikana mikono, wakahesabiwa washindi wote wawili. Tangu hapo wenye kutaka kukimbia wamezidi mno nafasi zilizopo: kwa mbio za mwaka 2025 walioomba walipita 840,000, na kura ikapigwa. Asiyeangukiwa na kura aweza kuliendea shirika mojawapo la kusaidia wenye shida, kama lile la wagonjwa wa kansa au la vipofu, ambalo limetengewa nafasi zake. Hupewa nafasi kwa sharti la kulikusanyia shirika kiasi fulani, mara nyingi pauni 2,000 au zaidi. Ndipo huwaendea jamaa, jirani na wenzake wa kazini, mmoja mmoja. Mwaka 2025 wakimbiaji wa London walikusanya pauni milioni 87.3.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini jirani asitoe sadaka yake bila mwingine kujitesa njiani? Aweza, na wako wafanyao hivyo. Lakini mkono wa mtu hufunguka upesi zaidi akiombwa na mtu amjuaye, aliyemwona akipita mbele ya mlango wake gizani, nguo zikichuruzika maji.

Angalieni sasa shida yenyewe. Ahadi hutolewa mara nyingi katika mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati majani ya miti yanapoanguka, na mwenye kuahidi pengine hajapata kukimbia hata kilometa 10 bila kusimama. Ahadi imetangulia miguu. Kati ya ahadi na mbio iko miezi ya baridi, na kazi yote imo humo.

Sisi tukaao karibu na ikweta twajua jua lichomozalo saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, mwaka mzima. London si hivyo. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mtu wa kazi hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Basi, siku za kazi hukimbia gizani vilevile. Hufunga tochi kichwani, huvaa kizibao chenye kitambaa cha kurudisha nuru ya taa za magari, na penye barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu hushika upande wa kuume, kwa kuwa magari ya Uingereza hupita kushoto naye lazima ayaone yakimjia.

Baridi yenyewe, katika mwezi wa Januari, huwa kati ya digrii 2 na 8 hivi, na usiku hushuka zaidi. Wengi hudhani kwamba hewa ya namna hii yadhuru mapafu. Kwa mtu mzima wa afya haidhuru, kwa sababu hewa hupata joto puani na kooni kabla ya kufika kifuani. Mwenye pumu ndiye apaswaye kujihadhari. Adui wa kweli ni maji. Shati la pamba likilowa jasho hushika maji hayo, na maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa. Kwa hiyo wakimbiaji huvaa nguo nyepesi zisizoshika maji, moja juu ya nyingine, pamoja na kofia na glavu, na wenye busara hutoka nyumbani wakisikia baridi kidogo, wakijua kwamba baada ya dakika kumi watapata joto. Wakirudi hubadili nguo mara moja, hata kabla ya kunywa chai. Siku ambayo barafu nyembamba isiyoonekana imefunika barabara, heri mtu akae nyumbani, au akimbie juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka. Mfupa wa mkono uliovunjika mwezi wa Februari hauponi kwa haraka ya mwenyewe.

Swali la pili: Kwa nini miezi minne? Kijana mwenye nguvu hawezi kujiandaa kwa mwezi mmoja?

Hapa ndipo kiini cha somo. Viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na damu ni wanafunzi wepesi: baada ya wiki chache tu moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na polepole mishipa midogo sana huongezeka ndani ya misuli. Mkimbiaji husikia pumzi yake ni nyepesi, akafurahi, akaongeza mwendo. Lakini mifupa na kano ni wanafunzi wazito. Mfupa ukipata kazi mpya, kwanza huondoa sehemu zake zilizochakaa, kisha hujenga mpya badala yake; na katika wiki zile za katikati huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ni kama fundi abomoaye ukuta ili aujenge vizuri: akiegemezwa mzigo mzito siku ile ya kubomoa, nyumba yote yaweza kuanguka. Ndiyo sababu wengi huumia muundi wa mguu wiki ya tano au ya sita, wakati pumzi yao inapowaambia kwamba wao ni mashujaa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kukimbia polepole. Kipimo chake hakitaki saa wala mashine: mkimbiaji aweze kuzungumza na mwenzake kwa sentensi nzima. Akiweza kutamka neno moja moja tu, amezidisha. Siku tatu za kazi hukimbia mwendo mfupi, na mara moja kwa wiki mwendo mrefu, kwa kawaida Jumapili. Wako wauwekao Jumamosi ili wapate kusali kwa utulivu. Mwendo huo mrefu waweza kuwa kilometa 10 mwanzoni mwa Januari, 16 mwisho wa mwezi, 24 mwisho wa Februari, na 30 au 32 mwisho wa Machi. Kila wiki ya tatu au ya nne hupunguzwa, ili fundi amalize ukuta wake.

Swali la tatu: Kwa nini wasikimbie kilometa 42 zote katika mazoezi?

Kwa sababu faida ni ndogo na uchovu ni mwingi. Tupige hesabu, nayo yafaa kwa watoto wa darasa la juu. Mtu wa kilo 70 hutumia kilokalori 70 hivi kwa kila kilometa. Kilometa 42 ni 2,940. Sukari ya akiba katika misuli na ini humpa 2,000 hivi. Gawa 2,000 kwa 70, utapata 28 na kitu. Hapo, karibu na kilometa ya 30, wengi huona miguu imekuwa mawe. Wenyewe husema wamegonga ukuta. Mazoezi marefu huufundisha mwili kuchoma mafuta na kuiweka akiba ya sukari. Tena mkimbiaji hujifunza kula na kunywa kitu kitamu njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kabla njaa haijamjia. Maji nayo yana kipimo. Mwaka 2002 waganga waliwapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston, na katika kila 100 walikuta 13 ambao chumvi ya damu yao imepungua kupita kiasi, hasa kwa kunywa mno. Yatosha kunywa kwa kufuata kiu.

Turudie ile ahadi, maana humo mna mtego. Mwezi wa Machi mguu unauma, na fedha za watu zimekwisha kutolewa. Mkimbiaji hujiona mdeni: nikiacha, nimewadanganya. Hivyo hukimbia juu ya mfupa ulioanza kupasuka. Kwa maoni yangu hesabu hiyo si sawa. Waliotoa walitoa kwa ajili ya mgonjwa, wala hawakuununua mguu wa jirani yao. Maumivu ya misuli yaliyoenea pande zote mbili hupita baada ya siku mbili. Maumivu ya mahali pamoja pa mfupa, yanayozidi kwa kila hatua, yataka mganga siku hiyohiyo.

Yako mambo ambayo baridi haiwezi kuyafundisha. Tarehe 22 Aprili 2018 joto la London lilifika digrii 24.1, na mbio hizo hazikupata kuwa na joto la kadiri hiyo. Kwetu ni asubuhi ya kawaida. Lakini wale walikuwa wamejizoeza miezi mingi katika baridi, na mwili hutaka siku 10 hadi 14 ili uzoee joto. Siku kama ile hakuna la kufanya ila kupunguza mwendo na kusahau saa aliyoitumaini.

Wiki tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa, kwanza kwa robo, kisha kwa nusu, na hapo wengi huingiwa na hofu wakidhani wanapoteza nguvu. Hawazipotezi, misuli yajaza akiba yake. Wiki ya mwisho mkimbiaji hutoka mara mbili au tatu kwa dakika chache, hali kitu kigeni, wala hajaribu viatu vipya. Jumamosi jioni huweka tayari mafuta ya mgando ya kupaka kwapani na mapajani asichubuke, na kubandika namba yake juu ya shati kwa pini nne.